DIWANI MWENYE DIWANI: MAISHA YA SHEIKH KALUTA AMRI ABEDI

Jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi si geni masikioni mwetu. Mwalimu wa Kiswahili akishaandika ubaoni maneno kama vina, mizani, mshororo na ubeti, haichukui muda kabla hajamtaja. Yeye ndiye aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka wa 1954 na ambacho mpaka leo hakikosi kutajwa watu wanapobishana kuhusu ushairi wa arudhi. Wengi wetu tunamjua kwa hicho tu. Tena kusema kweli, usiku wa kuamkia mtihani kuna wale humtaja kwa hasira!

Lakini hebu waulize hao hao, huyu bwana alifanya kazi gani nyingine? Kimya. Wachache sana wanajua kwamba Amri Abedi ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, mji mkubwa wa bandari wa jirani zetu wa Tanzania, wakati huo ikiitwa Tanganyika. Hapa lugha yetu ina mzaha wake. Neno diwani ni mkusanyiko wa mashairi ya mtu mmoja, na pia ni mjumbe wa baraza la mji. Amri Abedi alikuwa na diwani, na yeye mwenyewe alikuwa diwani.

Jambo la pili ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba alikuwa mtu wa pwani. Sivyo. Amri Abedi alikuwa mtu wa bara kama sisi wa Githongo. Alizaliwa mwaka wa 1924 huko Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu na mji wa Kigoma. Ujiji tumeusoma katika somo la Historia. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka wa 1871. Ulikuwa mwisho wa ile njia ndefu ya misafara kutoka Bagamoyo, na kwa sababu hiyo Kiswahili kilifika huko zamani, kikabebwa na wapagazi, wachuuzi, watumwa na mabwana wao. Humo waliishi Waha, Wamanyema waliovuka ziwa kutoka Kongo, Waarabu na wengine wengi. Kutoka Ujiji hadi bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hivyo yule mwanafunzi anayejitetea kwamba Kiswahili kinamshinda kwa kuwa hakuzaliwa Mombasa au Lamu, basi atafute kisingizio kingine. Mtu aliyewaandikia Waswahili sheria za mashairi yao alizaliwa mbali na mnazi kuliko yeye.

Baada ya masomo ya mwanzo kijana Amri alikwenda Tabora, katika ile shule ya serikali iliyosifika Tanganyika nzima. Ni shule hiyo hiyo aliyosoma Julius Nyerere. Huko Tabora ndiko maisha yake yalipochukua mkondo ambao haukumfurahisha kila mtu. Alijiunga na jumuiya ya Ahmadiyya, iliyoanzishwa India mwaka wa 1889 na Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ni Wasunni, na masheikh wao hawakukubaliana kabisa na mafundisho ya jumuiya hiyo, hasa kuhusu cheo cha mwanzilishi wake. Kuwa Ahmadiyya katika miji kama Tabora, Ujiji au Dar es Salaam hakukuwa mchezo. Mtu angeweza kutengwa na majirani, na hata jamaa zake wakamgeuzia kisogo. Tulikumbuke jambo hili, kwa maana litatusaidia tukifika kwenye habari za umeya.

Amri aliamua kuwa mhubiri wa jumuiya hiyo. Kazi kubwa iliyokuwa ikimngoja ilikuwa ya lugha. Mkuu wa Ahmadiyya katika Afrika Mashariki, Sheikh Mubarak Ahmad, alikuwa akisimamia kazi ya kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na Amri alikuwa msaidizi wake mkubwa. Tafsiri ilichapishwa Nairobi mwaka wa 1953. Kabla ya hapo tafsiri iliyojulikana ilikuwa ya padri Mwingereza, Godfrey Dale, ya mwaka wa 1923. Hivyo hii ilikuwa mara ya kwanza kwa Kurani nzima ya Kiswahili kutolewa na watu wanaojiita Waislamu. Nayo ilizua moto! Masheikh wa Kisunni waliipinga, na Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar alifanya kazi ya miaka mingi mpaka yeye naye akatoa tafsiri yake kamili mwaka wa 1969. Mgala muue na haki yake mpe: ubishi huo uliwapa Waswahili tafsiri mbili badala ya moja.

Mwaka mmoja baada ya Kurani ndipo kikatoka kile kitabu cha mashairi. Tukitazame kidogo, maana bila hicho hatumwelewi meya. Kabla ya 1954 kaida za ushairi zilikuwa vichwani mwa malenga. Uliketi na fundi, ukasikiliza, ukakosea, ukachekwa, ukajaribu tena. Kama hukuzaliwa karibu na fundi, basi bahati mbaya. Amri alichukua kaida hizo akaziweka wazi kwenye karatasi kwa lugha nyepesi: kina ni nini, mizani huhesabiwaje, kituo hufanya kazi gani, lugha ya shairi inaruhusiwa kukatwa wapi. Akasisitiza kwamba shairi ni kitu cha kuimbwa. Lisiloimbika kwake halikuwa shairi. Kisha katika sehemu ya pili akaweka mashairi yake mwenyewe ili watu waone kama bwana sheria anazifuata sheria zake.

Baadaye vijana wa chuo kikuu, hasa Euphrase Kezilahabi aliyetoa Kichomi mwaka wa 1974, walizikataa pingu hizo wakaandika mashairi huru. Wengine hapa shuleni wako upande wa Kezilahabi, na sina ugomvi nao. Mimi naona kwamba wamapokeo na wanamabadiliko wote hawakumtazama Amri vizuri. Wanamwona kama polisi wa mashairi. Kwangu mimi alikuwa mtu aliyetoa siri ya mafundi wachache akaigawa kwa kila anayejua kusoma. Mtoto wa Ujiji, wa Meru au wa Bukoba angeweza sasa kununua kitabu akajifunza alichokuwa akikijua mtoto wa Mombasa kwa kurithi. Hilo si jambo dogo.

Katikati ya miaka hiyo ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, kuongeza elimu ya dini. Aliporudi, Tanganyika ilikuwa imebadilika. TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, na miongoni mwa waliokuwapo siku hiyo alikuwa mshairi mwingine wa kwao Kigoma, Saadani Abdu Kandoro. Mikutano ilikuwa inajaa watu, na mashairi yalikuwa yakisomwa na kuimbwa mle mle. Amri naye akaingia kwenye siasa kwa miguu miwili.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Dar es Salaam haukuanza kama jiji. Palikuwa na kijiji kikiitwa Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar aliipenda ile ghuba tulivu, akaanza kujenga, na jina la mji likawa la amani. Majid alikufa mwaka wa 1870 na mji ukalala. Wajerumani waliuamsha. Walifika 1887, na mwaka wa 1891 wakauhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Reli ilianza kujengwa mwaka wa 1905 ikafika Kigoma mwaka wa 1914, hatua chache kutoka Ujiji. Waingereza waliuteka mji mwaka wa 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mahali walipowekwa wapagazi wa jeshi lao, wale wa Carrier Corps, pakaitwa Kariakoo. Watu wengi hununua bidhaa pale Kariakoo bila kujua kwamba jina hilo ni kumbukumbu ya wapagazi waliokufa kwa maelfu, na kwamba Kariokor ya Nairobi ni ndugu yake.

Mji uligawanywa kwa rangi. Wajerumani walianza na kanuni za ujenzi, Waingereza wakaendeleza. Wazungu walikaa upande wa bahari penye miti na upepo, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika Kariakoo na baadaye Ilala, na kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja. Ukitaka kujua nani alikuwa na thamani gani machoni pa serikali, ulitazama barabara tu. Lami, taa na mifereji vilipungua kadiri ulivyotembea kutoka baharini kwenda bara.

Na nani alikuwa akiamua mambo hayo? Mwaka wa 1949 mji ulifanywa manispaa ukapata baraza na meya. Lakini baraza hilo lilikuwa la watu walioteuliwa zaidi kuliko waliochaguliwa, na mazungumzo yake yalikuwa kwa Kiingereza. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1957 ilionyesha kwamba Dar es Salaam ina watu 128,742, na zaidi ya 90,000 kati yao walikuwa Waafrika. Wao ndio waliobeba magunia bandarini, wakafagia barabara, wakajenga majumba. Makuli wa bandari waligoma mwaka wa 1939, 1943 na 1947, na ule mgomo wa 1947 ukaenea hadi miji mingine. Basi tazama: watu walioweza kuisimamisha bandari nzima kwa kukunja mikono hawakuwa na sauti ya kutosha ya kuuliza taka za mtaani kwao zitazolewa lini.

Tusiwacheke. Hata hapa kwetu Meru, Baraza la Wenyeji lililoanzishwa katika miaka ya 1920 mwenyekiti wake alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu. Njuri Ncheke walikuwapo na desturi zao, wakiamua kesi za mashamba na mifugo, lakini mfuko wa kodi ulishikwa na mwingine.

Uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wa 1958 na 1959 ulikuwa na masharti ya ajabu. Ili upige kura ilibidi uwe na elimu fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kazi ya cheo fulani. Kisha ulitakiwa uchague watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ndiyo iliyoitwa kura tatu. TANU walikutana Tabora Januari 1958, wakabishana karibu wavunjike, mwishowe Nyerere akawashawishi wakubali kuingia. Wakashinda. Baada ya hapo zamu ya mji wenyewe ikafika, na mwanzoni mwa mwaka wa 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Meya wa Dar es Salaam. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi.

Hapa ndipo nilipowaomba mkumbuke habari za Ahmadiyya. Dar es Salaam ulikuwa mji ambao Waafrika wake wengi walikuwa Waislamu wa Kisunni, na masheikh wao walikuwa na nguvu kubwa, hata ndani ya TANU. Huyu Amri alikuwa mhubiri wa kundi dogo ambalo wengi wao hawakulihesabu kuwa la Kiislamu. Kurani aliyosaidia kuitafsiri ilikuwa imepingwa kwa nguvu miaka michache tu iliyopita. Tena hakuwa mzaliwa wa mji. Hakuwa Mzaramo wala Mshomvi, alikuwa mgeni kutoka mwisho wa reli. Kama watu wangetaka sababu za kumkataa, walikuwa nazo tele. Hata hivyo ndiye aliyevaa mkufu wa umeya. Sisi Wakenya, ambao kila uchaguzi huanza kwa kuulizana huyu ni wa wapi, tunaweza kulitafakari jambo hilo bila mtu kutusukuma.

Nadhani lugha ilichangia sana. Watu wa Dar es Salaam walikuwa wamelisoma jina lake chini ya mashairi, na Kiswahili chake hakikuwa na pengo. Kwa mji ambao ulikuwa umezungumziwa kwa Kijerumani na kisha kwa Kiingereza kwa miaka karibu 70, kumpata meya ambaye mama wa Kariakoo anamwelewa bila mkalimani ilikuwa habari kubwa kuliko mkufu. Nairobi walingoja mpaka 1962 kumpata meya Mwafrika, Charles Rubia.

Lakini tusimkuze mno. Meya si sultani. Baraza la mji lilishughulika na taka, masoko, leseni za biashara, taa za barabarani, afya, makaburi na kodi za majumba. Bandari yenyewe, ambayo ndiyo tumbo la mji, haikuwa chini yake hata kidogo; ilisimamiwa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Gati jipya la meli kubwa lililofunguliwa mwaka wa 1956 lilileta mapato, ila si kwenye mfuko wa baraza moja kwa moja. (Mombasa nako hali ni ile ile: bandari ni ya Halmashauri ya Bandari ya Kenya, si ya kaunti, na malalamiko juu ya hilo hayajaisha.) Zaidi ya hayo, mitaa iliyogawanywa kwa rangi tangu 1891 haingechanganyika kwa sababu tu meya ni Mwafrika. Nyumba za ufukweni zilibaki za wenye pesa, na watu wa vijijini walizidi kumiminika mjini.

Alichokibadilisha ni nani anaweza kuketi kwenye kile kiti. Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9, Dar es Salaam nao ukapandishwa cheo kuwa jiji.

Umeya wake haukuwa mrefu. Nchi changa ilikuwa na wasomi wachache na Nyerere aliwahamisha kama kete za bao. Amri alipelekwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Magharibi, upande wa kwao, na mwaka wa 1963 akawa Waziri wa Sheria, akichukua nafasi ya Chifu Abdullah Fundikira. Mtu wa sheria za mashairi sasa akawa mtu wa sheria za nchi! Kazi ilikuwa nzito. Zile mahakama za wenyeji, ambazo ukoloni ulizitenga na mahakama za Wazungu, zilikuwa zinaunganishwa kuwa mfumo mmoja kwa sheria ya mwaka huo wa 1963, na mahakama za mwanzo zilihitaji Kiswahili kinachoweza kubeba mambo ya kisheria. Mshtakiwa asiyeelewa shtaka lake anahukumiwa mara mbili. Amri alikuwa mstari wa mbele kuhimiza msamiati wa sheria wa Kiswahili utafutwe na ukusanywe, kazi iliyoendelea baada yake pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mwaka huo huo pia Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha viboko, 24 kwa jumla, kwa makosa kama wizi wa mali ya umma na rushwa. Sitaki kuificha habari hiyo kwa kuwa tunamsifu mtu. Serikali ya akina Amri ilikuwa na mkono laini kwa lugha na mkono mgumu kwa mengine.

Mwaka wa 1964, baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana tarehe 26 Aprili, alikuwa Waziri wa Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Ungeweza kusema hiyo ndiyo wizara iliyoshonwa kwa kipimo chake. Hakupata nafasi ya kuivaa. Oktoba mwaka huo alifariki dunia akiwa Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Hakuiona Januari 1967, Rashidi Kawawa alipoagiza kazi zote za serikali zifanywe kwa Kiswahili. Wala hakuiona Julai 1974, Mzee Kenyatta alipoamuru Kiswahili kitumike katika Bunge letu hapa Kenya, wabunge wengine wakahangaika na ngeli kama sisi wa kidato cha kwanza.

Baraza alilolisimamia nalo lilipita mengi. Lilivunjwa mwaka wa 1974 serikali ilipopeleka madaraka mikoani, likarudishwa mwaka wa 1978, likawekwa chini ya tume mwaka wa 1996, kisha mwaka wa 2000 mji ukagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa tena na cheo cha jiji kikapewa Ilala, ambamo Kariakoo na Mnazi Mmoja vimo.

Ukivuka mpaka wa Namanga ukafika Arusha, karibu na kituo cha mabasi utakuta uwanja wa michezo wenye jina lake. Mashabiki wa mpira wanaoingia pale ni wengi kuliko waliowahi kukifungua kitabu chake. Usishtuke ukilikuta jina limeandikwa Abeid. Ni yule yule Abedi wetu wa vina na mizani.